Samuel Adams, mtoza kodi wa Boston aliyewafundisha Waamerika kukataa kodi ya mfalme

Kunako mwaka wa 1756, wakaaji wa mji wa Boston, katika koloni la Kiingereza la Massachusetts, walimchagua Samuel Adams kuwa mtoza kodi wa mji. Alikuwa na miaka 33, na kazi aliihitaji kweli. Baba yake alikuwa amemkopesha paundi 1000 aanze biashara. Nusu akamkopesha rafiki ambaye hakuzirudisha, na nusu nyingine ikaishia hewani. Hata kazi ya jamaa ya kutengeneza kimea cha bia ilikuwa inamfia mikononi.

Kwenye kodi alikuwa mtu yuleyule. Mwenye nyumba akimwambia kwamba mwaka ulikuwa mbaya, Adams alimwacha na kupita kwa jirani. Msomaji anayelipishwa kwenye kila bariere kati ya shamba lake na soko atatabasamu. Lakini sheria ilisema mtoza kodi ndiye anayedaiwa feza asizokusanya, na kufikia mwaka wa 1765 upungufu wake ulipita paundi 8000. Mji ulimshitaki, na maadui wake wakamwita mwizi. Mafundi na watu wadogo wa Boston, wao, hawakusahau nani aliwahurumia. Siku alipohitaji watu nyuma yake, watu hao walikuwepo.

Ugomvi wake na London ulianzia nyumbani kwa baba yake. Mwaka wa 1740, mzee huyo na wenzake walianzisha benki iliyotoa noti za karatasi kwa dhamana ya mashamba, kwa sababu sarafu zilikuwa haba. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likaifunga, na kuwaachia wakubwa wa benki mzigo wa madeni. Miaka kumi baada ya kifo cha mzee, serikali ilijaribu tena kuuza mali ya jamaa kwa mnada. Samuel alisimama pale na kutishia kumpeleka mahakamani yeyote atakayenunua. Hakuna aliyenunua.

Hiyo ilikuwa kesi ya nyumba moja. Mwaka wa 1763 ikawa kesi ya makoloni yote. Uingereza ilikuwa imeishinda Ufaransa katika vita vya miaka saba, ikabaki na deni kubwa mno na askari wa kulisha katika Amerika. London ikaamua kwamba Waamerika nao wachangie. Mwaka wa 1764 ilikuja sheria ya ushuru wa sukari, na mkutano wa mji ukampa Adams kazi ya kuandika msimamo wa Boston. Aliandika jambo rahisi: katika Bunge la London hakuna mbunge hata mmoja aliyechaguliwa na watu wa makoloni. Kama Bunge hilo linaweza kutoza biashara yetu bila kutuuliza, kesho litatoza mashamba yetu, na keshokutwa kila kitu tulicho nacho.

Ukweli ni kwamba kodi zenyewe hazikuwa kubwa sana. Mwingereza wa London alilipa zaidi. Mtu anayelalamika juu ya bei hunyamaza bei ikishuka. Adams aliwafundisha watu kulalamika juu ya mwenye kupanga bei, na malalamiko ya namna hiyo hayatulizwi na punguzo.

Mwaka wa 1765 ilikuja sheria ya mihuri: kila gazeti, kila karatasi ya mahakama, hata karata za kuchezea, zilipaswa kuwa na muhuri uliolipiwa. Boston iliwaka. Watu walitundika sanamu ya mgawa mihuri juu ya mti, na siku chache baadaye wakabomoa nyumba ya naibu gavana Thomas Hutchinson. Adams alilaani ubomoaji ule. Alipenda watu waungane kukataa bidhaa za Kiingereza. Mwaka huohuo akaingia katika Baraza la koloni, na sheria ikafutwa mwaka wa 1766. Mwaka wa 1767 London ilirudi na ushuru juu ya vioo, rangi, karatasi na majani ya chai. Baraza likayaandikia makoloni mengine barua ya kuungana. London ilipoamuru barua ifutwe, wajumbe 92 walikataa, 17 wakakubali. Mwaka wa 1768 askari walishushwa bandarini, na tarehe 5 Machi 1770 wakaua watu watano barabarani. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, mwenye damu ya Kiafrika.

Chai ndiyo ilimaliza maneno. Mwaka wa 1773 London ilipanga mambo ili chai ya Kampuni ya India Mashariki iuzwe Amerika kwa bei nafuu kuliko zamani, ushuru mdogo ukiwa ndani. Adams aliona mtego: mwenye kunywa chai ile amekubali kutozwa. Meli tatu zilikwama bandarini, gavana Hutchinson akakataa zirudi bila kulipa. Usiku wa tarehe 16 Desemba, mbele ya maelfu ya watu kanisani, Adams alitangaza kwamba mkutano hauna la kufanya tena. Muda mfupi baadaye, watu waliojigeuza Wahindi Wekundu walishuka bandarini na kumwaga baharini makasha 342 ya chai.

Bunge la London liliifunga bandari ya Boston. Mwezi wa Juni 1774 Baraza lilikutana Salem na kujifungia ndani, likachagua wajumbe wa kwenda Philadelphia kukutana na makoloni mengine. Mjumbe wa gavana alikuwa nje ya mlango, akisoma amri ya kulivunja Baraza. Adams alikuwa mmoja wa waliochaguliwa, lakini hakuwa na nguo za kufaa. Marafiki walimnunulia suti, kofia, viatu na nywele za bandia.

Vita vilianza Lexington tarehe 19 Aprili 1775, karibu na nyumba alimolala. Jenerali Gage alitangaza msamaha kwa waasi wote isipokuwa wawili, yeye na John Hancock. Mwaka wa 1776 wote wawili walitia saini tangazo la uhuru.

Kisha kodi ikamrudia. Mwaka wa 1786, wakulima wa magharibi ya Massachusetts, wengi wao askari wa zamani wa uhuru, walifunga mahakama kwa nguvu. Walikuwa wanalemewa na madeni na kodi za serikali yao mpya. Adams, sasa mmoja wa wakubwa wa jimbo, aliwataka wanyongwe. Kwake, kumwasi mfalme ni jambo moja; kuasi sheria zilizopitishwa na wabunge uliowachagua ni jambo lingine. Wakulima wale wangemjibu kwamba njaa ni ileile. Gavana Hancock aliwasamehe karibu wote.

Adams naye alikuja kuwa gavana, hadi mwaka wa 1797. Mikono ilikuwa inatetemeka, na feza za uzeeni zilitokana na haki za mwanawe, daktari wa jeshi aliyekufa mbele yake. Alifariki tarehe 2 Oktoba 1803. Kaburi lake liko Boston, karibu na la wale watano waliouawa mwezi wa Machi 1770.