Aliyeipima Mita kwa Nuru

Malori yateremkayo kutoka Sachangwan hadi Salgaa yakipata ajali, tunawalaumu madereva peke yao. Chuma cha breki kisichopimwa sawasawa nacho kina lawama.

Aliyetutengenezea njia ya kupima vyuma kwa nuru ni Albert Michelson, aliyezaliwa mwaka wa 1852 huko Strelno, Prussia, akapelekwa Marekani angali mtoto. Aliugawa mwali sehemu mbili, kisha akaziunganisha tena. Mistari ya mwanga na giza iliyotokea ilifichua tofauti ndogo mno kuliko unene wa unywele. Mwaka wa 1892 alikwenda Ufaransa kuipima mita yenyewe, akapata mawimbi 1,553,163.5 ya nuru nyekundu ya kadimiamu. Subira iliyoje! Tuzo ya Nobel alipewa mwaka wa 1907. Alifariki mwaka wa 1931, kazi yake ya kupima kasi ya nuru ikiwa bado inaendelea.