Paavo Nurmi: Mkimbiaji Aliyenolewa na Mashindano

Sisi wa fani ya utunzi twajua kuwa malenga hapati makali kwa kujifungia chumbani. Ulimi wake hunolewa na malumbano, mbele ya mtunzi mwenziwe na watu wanaosikiliza. Nikiyatazama maisha ya Paavo Nurmi, mkimbiaji wa Ufini, naona kuwa miguu nayo ina kanuni iyo hiyo.

Nurmi alizaliwa mjini Turku mwaka 1897. Babake alifariki yeye angali mtoto, naye akaacha shule, akawa tarishi wa duka la mikate, akisukuma mkokoteni kupandisha vilima vya mji. Katika Olimpiki ya Antwerp, mwaka 1920, Mfaransa Joseph Guillemot alimshinda katika mita 5,000. Siku tatu baadaye walikutana tena katika mita 10,000. Safari hii Nurmi alistahamili nyuma, akampita mwishoni. Mbio ya kwanza ilikuwa imemfunza mwendo wa ile ya pili.

Mtihani mkubwa ulikuwa Paris, mwaka 1924. Fainali za mita 1,500 na mita 5,000 zilipangwa siku moja, na nafasi baina yake haikufika saa moja. Mwingine angechagua moja akaiacha ya pili. Nurmi hakuchagua, wala hakungoja kubahatisha. Tarehe 19 Juni, mjini Helsinki, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 52.6, akapumzika saa moja, kisha akakimbia mita 5,000 kwa dakika 14 na sekunde 28.2. Zote zilikuwa rekodi za dunia. Mwili ukawa umekwisha kuujua mzigo kabla ya siku ya kuubeba. Tarehe 10 Julai alishinda zote mbili. Siku mbili baadaye, katika mbio za nyika, joto liliwaangusha watu: walianza 38, wakamaliza 15, na wa kwanza alikuwa yeye. Alitoka Paris na dhahabu 5.

Mwaka 1925 alizuru Marekani, akashindana zaidi ya mara 50 kwa miezi mitano. Lakini mashindano yana upande wa pili. Mwaka 1932 alikusudia kukimbia marathoni mjini Los Angeles. Wakuu wa riadha wa dunia walimfungia, kwa tuhuma kwamba alipokea fedha katika mbio zake za Ujerumani kupita kiasi alichoruhusiwa mwanamichezo wa ridhaa. Uwanja uliomjenga ndio uliomfungia mlango.

Mwaka 1952, Olimpiki ilipofanyika Helsinki, ni yeye aliyeingia uwanjani na mwenge, mtu wa miaka 55. Alifariki tarehe 2 Oktoba 1973, akiwa na dhahabu 9 na fedha 3 za Olimpiki.

Kwa maoni yangu, kijana anayetaka kumfuata asihesabu wingi wa mbio zake. Atazame ile ya Helsinki ya 1924, aliyoikimbia kwa ajili ya nyingine. Shindano lisilo na nia humla mkimbiaji. Lenye nia humjenga.