Faraday: mtoto wa mhunzi aliyeiona ngozi ya chuma

Leo tuziweke siasa pembeni kidogo. Kuna mzee mmoja wa Uingereza, marehemu toka mwaka 1867, ambaye namkubali kupita wanasayansi wote niliowahi kusoma habari zao. Anaitwa Michael Faraday. Wengi tulikutana naye sekondari kwenye sumaku na umeme, tukakariri, tukafanya mtihani, basi. Mimi nataka kuongelea upande wake ambao haupigiwi debe: jinsi alivyong'amua kwamba kitu cha ukoo mmoja na kutu kinaweza kukilinda chuma kisiliwe.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, pembeni ya London. Baba yake mhunzi, tena mgonjwa mgonjwa, na nyumbani hali ngumu. Shule aliishia kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Akiwa na miaka 14 akapelekwa kujifunza kujalidi vitabu kwa mzee mmoja, Riebau. Dogo akawa anajalidi huku anasoma. Yaani vitabu vya watu anavimaliza kabla wenyewe hawajaja kuvichukua!

Mwaka 1812 mteja mmoja wa pale dukani akampa tiketi za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, bingwa wa kemia wa enzi hizo, pale Royal Institution. Faraday akaandika yote aliyosikia, akachora na vifaa, akajalidi maandishi yake mwenyewe, akampelekea Davy. Hiyo ndiyo ilikuwa CV yake. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara.

Msidhani mambo yalinyooka. Kwenye safari ya Ulaya ya 1813 hadi 1815, mke wa Davy alimfanya kama boi wa nyumbani. Na mwaka 1824 kijana alipopendekezwa kuingia Royal Society, rais wa chama, ambaye ni Davy huyo huyo, akapinga. Bosi aliyekutoa, anakubania! Faraday akapita hivyo hivyo.

Haya, tuje kwenye uhondo. Mwaka 1833 na 1834 alionyesha kwamba umeme ukipita kwenye maji yenye chumvi au asidi, kiasi cha kitu kinachotoka kwenye ncha kinaendana na kiasi cha umeme uliopita. Maneno anodi, kathodi na ioni yaliingia kwenye sayansi kupitia kazi yake hiyo, akisaidiwa na msomi William Whewell kuyachagua.

Halafu 1836 ikaja barua kutoka Basel, Uswisi, kwa mkemia Schönbein. Kuna kitu cha ajabu: chuma ukikitia kwenye asidi ya naitriki hafifu, kinaliwa kwa fujo na mapovu. Kitie kwenye asidi kali, kinatulia tuli! Na ukikitoa hapo taratibu ukakirudisha kwenye ile hafifu, bado kimetulia, mpaka ukikwaruze. Faraday akarudia majaribio, akatoa wazo lake: uso wa chuma umeshikana na oksijeni, umejifunika ngozi ya oksidi ambayo jicho halioni. Wengine hawakukubali, wakabishana miaka na miaka. Ni mwaka 1927 ndipo Evans wa Cambridge alipofanikiwa kuibandua ile ngozi kwenye chuma ikaonekana. Miaka 91, jamani.

Sufuria zetu za alumini zinaishi kwa ngozi ya namna hiyo. Ukisugua kwa stili waya inatoka, hewa inairudisha hapo hapo. Ila ni nyembamba mno, nanomita chache tu.

Sasa mafundi wa leo wanainenepesha kwa nguvu. Kipande cha alumini kinaning'inizwa kama anodi ndani ya maji yenye magadi makali, volti zinapandishwa mpaka mamia. Ngozi inazidiwa, cheche ndogo ndogo zinatembea juu ya metali ndani ya maji. Kila cheche ni plazma, joto kali la kufumba na kufumbua, linaloyeyusha oksidi. Ikipoa inakuwa ngumu kama kauri, na unene unaweza kuvuka mikromita 100. Cheche hizo Mrusi Sluginov aliziona karibu na 1880, Wajerumani wakazichunguza miaka ya 1930. Faraday hakuyaona hayo. Na cha kuchekesha, njia hii inapenda alumini, magnesi na titani. Chuma, kilichoanzisha ubishi wote, kinasumbua.

Mzee mwenyewe hakutaka makuu. Alikataa usir, alikataa urais wa Royal Society mara mbili, na wakati wa vita ya Crimea (1853 hadi 1856) serikali ilipomwendea kuhusu silaha za sumu, akagoma. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akazikwa Highgate, maana Westminster Abbey nako alishakataa.

Kama kuna mdau anayefanya kazi ya kupaka metali kwa cheche, atumwagie uzoefu hapo chini.