Salmon: Tabibu wa mifugo ambaye jina lake lilipewa kijidudu

KILA mara mpimaji wa maabara anapomwarifu mgonjwa kwamba chakula alichokula kilikuwa na salmonela, hutaja, pengine bila kujua, jina la mtu aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita.

Mtu huyo ni Daniel Elmer Salmon, daktari wa mifugo kutoka Marekani. Wapo wanaodhani kijidudu hicho kilipewa jina la samaki aina ya salmoni, ilhali samaki huyo hahusiki hata kidogo.

Salmon alizaliwa Julai 23, 1850 katika eneo la Mount Olive, jimbo la New Jersey. Alifiwa na wazazi wote wawili angali mtoto, akalelewa na jamaa zake.

Chuo Kikuu cha Cornell kilipofungua milango yake mwaka wa 1868, kijana huyo alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa. Huko alifundishwa na James Law, mtaalamu wa mifugo kutoka Scotland, na pia akapata fursa ya kusomea katika shule mashuhuri ya Alfort karibu na Paris, Ufaransa.

Alihitimu mwaka wa 1872. Miaka minne baadaye alitunukiwa shahada ya udaktari wa mifugo, ya kwanza ya aina hiyo kutolewa nchini Marekani.

Zama hizo wafugaji wa nchi hiyo walikuwa taabani. Homa ya mapafu ilikuwa ikiangamiza ng'ombe, nayo homa ya nguruwe ilikuwa ikifagia mazizi mazima tangu miaka ya 1830. Mataifa ya Ulaya nayo yakaanza kuikataa nyama ya Marekani.

Ndipo mwaka wa 1884 serikali ikaunda Idara ya Mifugo, na Salmon akateuliwa kuwa mkuu wake wa kwanza. Chini ya uongozi wake, homa ya mapafu ya ng'ombe iling'olewa kabisa nchini humo kufikia 1892. Mwaka uliofuata watafiti wa idara hiyo, Theobald Smith na Fred Kilborne, walithibitisha kwamba kupe ndiye anayeeneza homa ya ng'ombe ya Texas. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wataalamu kuonyesha kuwa mdudu wa aina hiyo anaweza kusambaza maradhi ya mnyama.

Lakini ni nguruwe waliompa Salmon umaarufu, na ni hao hao waliomwonyesha udhaifu wa maarifa ya wakati wake.

Mnamo 1885, katika maabara ya idara hiyo, bakteria fulani ilipatikana katika miili ya nguruwe waliokufa. Kazi kubwa ya darubini ilifanywa na Smith, aliyekuwa msaidizi tu, lakini jina la mkubwa wake lilitangulia katika taarifa iliyochapishwa. Wote wawili waliamini kuwa wamekipata kiini cha homa ya nguruwe.

Mwaka wa 1886 walionyesha kwamba njiwa waliodungwa bakteria hiyo ikiwa imeuawa kwa joto walipata kinga. Huo ulikuwa msingi wa chanjo zinazotengenezwa kwa vijidudu vilivyokufa, zikiwemo zile za kwanza za homa ya matumbo kwa binadamu.

Hata hivyo, nguruwe waliendelea kufa. Karibu miaka 20 ilipita kabla ya Emil de Schweinitz na Marion Dorset, wafanyakazi wa idara iyo hiyo, kubaini sababu. Waliichuja damu ya nguruwe wagonjwa hadi isibaki bakteria yoyote, lakini bado iliwaambukiza nguruwe wazima. Kiini halisi kilikuwa virusi. Ile bakteria ilijipenyeza tu katika mwili uliokwisha kudhoofika.

Kufikia hapo jina lilikuwa limeshaganda. Mwaka wa 1900 Mfaransa Joseph Lignières alikuwa amependekeza jamii ya bakteria hizo iitwe Salmonella kwa heshima ya Salmon.

Salmon aliacha wadhifa wake mwaka wa 1905, baada ya ushirika wake wa kibiashara kuzua maswali. Baadaye aliongoza shule ya udaktari wa mifugo mjini Montevideo, Uruguay. Alirejea kwao na kusimamia kiwanda cha dawa ya kuwakinga nguruwe dhidi ya homa ile ile iliyokuwa imemhadaa. Alifariki kwa nimonia mjini Butte, jimbo la Montana, Agosti 30, 1914.

Marekani ilitangazwa kuwa huru kutokana na homa hiyo mwaka wa 1978.

Kisa hiki kina mwangwi wake hapa Kenya. Nguruwe wa walowezi walipokuwa wakifa, wengi wangeweza kudhani ni homa ile ya Ulaya na Marekani. Lakini mwaka wa 1921 Robert Eustace Montgomery alieleza kwamba huo ulikuwa ugonjwa tofauti, uliohusiana na ngiri wa porini. Leo unajulikana kama homa ya nguruwe ya Afrika, na ungali tishio kwa wafugaji.

Salmonela nayo ingali nasi, katika nyama isiyoiva, mayai mabichi na mikono isiyonawiwa. Aina zake zilizotambuliwa zinazidi 2,500, na homa ya matumbo ni mojawapo ya maradhi inayoleta.

Wahenga walinena kuwa kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Salmon alikosea kuhusu nguruwe, lakini idara aliyoijenga ndiyo iliyomsahihisha, tena yeye akiwa angali mkuu wake.