Hindorf, Miche 62 na Kiu ya Singida

Wasomi wenzangu, siku hizi huko nje wanaisifia sana katani ya mmea wa jamii ya bangi, kwamba itaokoa mazingira. Kwetu bangi ni marufuku, na ukisema katani watu wanaelewa mkonge. Kwa hiyo tuanze na mtu aliyeuleta mkonge wenyewe, Dk. Richard Hindorf.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1863, akasomea kilimo, akaja huku kuifanyia kazi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Alitakiwa kutafuta zao la biashara linalovumilia ukame. Mwaka 1892 akasoma kwenye jarida la bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, habari za mmea wa Yucatán, Mexico, unaotoa singa imara za kamba. Wenyewe kule hawakutaka mbegu yao itoke. Jamaa akapita mlango wa nyuma: akaagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, kupitia Hamburg. Ilipofika Tanga mwaka 1893, iliyokuwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Kutoka miche hiyo mkonge ukatapakaa Tanga, Morogoro hadi Kilimanjaro. Hindorf alifariki mwaka 1954, akiwa ameshaona Tanganyika inatamba duniani kwa zao lake. Hakuwahi kuona kilele: mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Wala hakuona anguko, pale kamba za nailoni na plastiki zilipoteka soko.

Ila wasifu wake una pengo. Mimi ni mtoto wa Singida, na kwetu mkonge haukuingia kama utajiri. Uliingia kama safari. Vijana wa Kinyaturu na Kinyiramba waliondoka kwenda Tanga kuwa manamba, babu yangu akiwemo. Miche ilikuwa ya Hindorf, migongo ilikuwa yetu.

Sasa upepo umegeuka. Tunaambiwa mkonge ulimwe hukuhuku Singida, kwa sababu mvua yetu ni ya kubahatisha, milimita 600 hadi 800 hivi kwa mwaka, na mkonge haujali. Ni kweli haujali. Tena singa zake zinaoza zikarudi udongoni, wakati kamba ya plastiki inabaki inakaba koo za mbuzi wetu.

Lakini shamba ni nusu ya habari. Jani la mkonge linatoa singa kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Zinazobaki ni maji na makapi, na yakimwagwa mtoni yanachafua. Jani likishakatwa linatakiwa liwahi kwenye korona kabla halijakauka, na mashine hiyo ya kusindika inakunywa maji mengi kwelikweli. Tanga wana mto Pangani. Sisi tuna Singidani na Kindai, maziwa ya maji ya chumvi, na akina mama wanaoamka alfajiri kutafuta ndoo moja. Kwa hiyo mmea unavumilia kiu, kiwanda hakivumilii.

Dawa zipo. Hale, Tanga, walijenga mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi na umeme. Ila mtambo unataka mtaji, na mkulima wa ekari mbili hana. Tena atasubiri kama miaka mitatu kabla ya kukata jani la kwanza, huku alizeti inamlipa kila msimu.

Sisemi tuukatae mkonge. Nasema wanaokuja kutugawia miche waulizwe maswali matatu palepale kwenye mkutano wa kijiji: korona itakaa wapi, maji yatatoka wapi, na makapi yataenda wapi? Hindorf alihesabu miche. Sisi tuliosoma, tukirudi nyumbani likizo, tuwasaidie wazee kuhesabu ndoo.