Kardinali Rugambwa na Kile Alichopewa Kabla ya Kofia

Ukitoka Kariakoo kuelekea bandarini ukafika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, umefika palipokuwa na kiti cha Laurean Rugambwa kwa zaidi ya miaka 23. Wengi humkumbuka kwa kofia yake nyekundu.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 huko Bukongo, Uhayani, akabatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake. Tarehe 12 Desemba 1943 mtoto huyo alilala kifudifudi mbele ya altare, akawekewa mikono na Askofu Burchard Huwiler, akainuka padre. Ni miaka 22 tu tangu ubatizo wa wazazi hadi upadre wa mtoto!

Akasoma sheria za Kanisa Roma, na mwaka 1952 akawekwa wakfu kuwa askofu, akiwa na miaka 39. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru.

Hapa wapo wanaokosea, hata sisi tunaojiita wanafalsafa. Ukardinali si daraja. Daraja Takatifu ina ngazi tatu: ushemasi, upadre na uaskofu. Kofia ilimpa kura ya kumchagua Papa, naye aliipiga mwaka 1963 na mara mbili mwaka 1978. Lakini haikumwongezea chochote altareni. Padre wa kigangoni aliyepewa daraja juzi huadhimisha Misa ile ile.

Desemba 1968 akateuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Bukoba alikuwa kwao: lugha yake, ukoo wake. Huku alikuta mji wa pwani wenye Waislamu wengi, na waumini waliotoka kila kona ya nchi, wengine wakijitafutia riziki kwa kubeba mizigo sokoni. Je, padre huwekwa wakfu kwa ajili ya watu wa kwao? Swali hili hutusumbua kila barua za uhamisho zinapotoka, maana wapo waamini wanaomhesabu padre mgeni kwa kabila lake kwanza. Rugambwa, kardinali mzima, alihama akiwa na miaka 56.

Alistaafu Julai 1992, akafariki hapa hapa Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997, zikiwa zimebaki siku 4 atimize miaka 54 ya upadre. Mwaka 2012 mabaki yake yalihamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba.