Mfahamu Nell Gwyn: Muuza machungwa aliyegeuka nyota wa jukwaa London

Ukitaja jina la Nell Gwyn leo, wengi wanakumbuka kitu kimoja tu: mchepuko wa Mfalme Charles II wa Uingereza. Lakini kabla ya mfalme kulikuwa na jukwaa, na huko Nell alijijengea jina kwa kazi yake mwenyewe.

Inaaminika alizaliwa mwaka 1650, kwenye familia maskini. Enzi hizo uigizaji wa kulipwa London ulikuwa kazi ya wanaume. Hata Juliet wa Shakespeare aliigizwa na mvulana aliyevalishwa gauni. Na tangu 1642, Bunge lilikuwa limefunga kumbi zote za maigizo.

Mambo yalibadilika mwaka 1660, Charles II aliporudi kutoka uhamishoni na kuruhusu kumbi zifunguliwe. Desemba mwaka huohuo, mwanamke aliigiza nafasi ya Desdemona katika Othello. Mwaka 1662 mfalme akaagiza kwa maandishi kwamba nafasi za wanawake ziigizwe na wanawake.

Mwaka uliofuata ukafunguliwa ukumbi mpya karibu na mtaa wa Drury Lane. Nell, akiwa bado binti mdogo, alipata kibarua cha kuwauzia watazamaji machungwa. Haikupita muda mrefu, akapanda jukwaani.

Hakuwa mtu wa shule. Barua zake alizisaini kwa herufi mbili tu, E.G. Hata hivyo alimudu kazi iliyodai kukariri maneno mengi, maana michezo ilibadilishwa kila baada ya siku chache.

Michezo ya huzuni ilimshinda. Kwenye vichekesho, hakuna aliyemgusa. Mwaka 1667 aliigiza kama Florimel katika mchezo wa John Dryden, na kuna sehemu alivaa nguo za kiume. Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini aliyeandika shajara, alimsifia kupita kiasi.

Lakini umaarufu haukuwa na usalama. Waigizaji wakubwa wa kiume walikuwa na hisa kwenye kampuni, wanawake walilipwa ujira tu. Tena wanaume wenye hela waliingia hadi vyumba vya kubadilishia nguo kuwatazama.

Mwaka 1670 Nell alimzalia mfalme mtoto wa kiume, na mwaka uliofuata akaachana na jukwaa. Akapata nyumba Pall Mall, lakini na madeni pia. Mfalme alipofariki mwaka 1685, ni mrithi wake, James II, aliyemlipia madeni hayo na kumpa pensheni. Nell alifariki Novemba 1687, akiwa na miaka kama 37.

Miaka minane baadaye, Elizabeth Barry na Anne Bracegirdle walikuwa miongoni mwa waigizaji walioanzisha kampuni yao London. Safari hii, wanawake nao walikuwa na hisa.